Maswali ya Wasomaji: Nyuzi 12 za The Byrds

Barua za mwezi huu karibu zote zinaulizia bendi moja: The Byrds ya Los Angeles, Marekani, iliyoshika redio mwaka 1965 kwa gitaa la umeme la nyuzi 12 na uimbaji wa sauti za kupandana. Kwa msomaji anayeanza leo, waanzilishi walikuwa watano: Jim McGuinn wa gitaa la solo (tangu 1967 anajulikana kama Roger McGuinn), Gene Clark mtunzi na mwimbaji, David Crosby wa gitaa la ridhimu na sauti ya juu, Chris Hillman wa besi, na Michael Clarke wa drams. Clark na Clarke ni watu wawili tofauti na hawana undugu. Barua kadhaa zimewachanganya.

Hapa kijiweni kuna ubishi. Mmoja anashikilia kwamba kwenye "Mr. Tambourine Man" The Byrds hawakupiga ala, walikodiwa watu. Mwingine anasema huo ni uzushi. Tuamulieni. (Msomaji, Tanga)

Wote wawili wana chembe ya ukweli. Wimbo huo ulirekodiwa tarehe 20 Januari 1965 katika studio ya Columbia, kampuni ya santuri ya bendi hiyo, huko Hollywood. Kati ya wale watano, aliyeshika ala siku hiyo ni McGuinn peke yake. Drams ni za Hal Blaine, besi ni ya Larry Knechtel, ridhimu ni ya Jerry Cole, na piano ya umeme ni ya Leon Russell. Hao walikuwa mafundi wa kukodiwa waliokuwa wakizunguka studio za Los Angeles na kupigia kila aina ya msanii. Sauti za waimbaji ni za bendi yenyewe: McGuinn, Clark na Crosby. Upande B wa santuri hiyo, "I Knew I'd Want You", ulipigwa siku ileile na mafundi walewale.

Mtayarishaji Terry Melcher alikuwa na sababu zake. Hillman alikuwa mpiga mandolini wa muziki wa bluegrass, na besi alikuwa ameishika kwa miezi michache tu. Clarke alikuwa amejifunzia drams kwenye maboksi ya karatasi, kwa kuwa bendi haikuwa na seti mpaka ilipokopeshwa dola 5,000 za kununulia vyombo. Kikao cha wapigaji wa kukodiwa kilikuwa cha saa 3, na kila saa ya studio ilikuwa na bei yake. McGuinn amesimulia mara nyingi kwamba zile nyimbo mbili ziliisha ndani ya kikao kimoja, ilhali "Turn! Turn! Turn!", waliyoipiga wenyewe baadaye mwaka huohuo, iliwachukua majaribio 77.

Anayesema "hawakupiga" anakosea akifika kwenye albamu. Albamu ya kwanza ina nyimbo 12, na 10 zilizobaki zilipigwa na wao watano. Weka "Mr. Tambourine Man" usikilize besi inavyoteleza kutoka noti moja hadi nyingine mwanzoni kabisa, kila kitu kimetulia mahali pake. Kisha weka "I'll Feel a Whole Lot Better". Hapo unawasikia vijana wenyewe: mwendo una haraka kidogo, tamburini iko mbele, na uhai ni mwingi. Sisi hiyo ya pili ndiyo tunayoirudia zaidi.

Ubishi huu huwafanya watu wasahau kazi kubwa iliyofanyika kabla ya kufika studio, nayo ni upangaji. Wimbo ni wa Bob Dylan, wenye beti nne na wa zaidi ya dakika 5. The Byrds walichukua ubeti mmoja tu, ule wa pili, wakaufunga kwa kiitikio kabla na baada. Mapigo wakayabadilisha kutoka 2/4 kwenda 4/4, na McGuinn akaongeza utangulizi wa gitaa alioupata kwa kumsikiliza Johann Sebastian Bach. Ukawa wimbo wa dakika 2 na ushei, urefu ambao redio ya wakati ule iliukubali. Tarehe 26 Juni 1965 ulikuwa namba moja Marekani, na Uingereza pia ulifika namba moja.

Nimenunua gitaa la umeme la nyuzi 12 lililokwishatumika, nalipiga kanisani. Nyuzi nyembamba zinakatika, tyuni haikai, na mlio wake ni kama makopo, wala haukaribii ule wa McGuinn. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

Tuanze na nyuzi zinazokatika, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Nyuzi 12 hupangwa jozi sita. Jozi ya E nyembamba na jozi ya B hutyuniwa sauti moja. Jozi za G, D, A na E nene kila moja ina uzi mkuu na uzi mdogo ulio oktava moja juu yake. Seti ya kawaida ya gitaa la umeme ni hii, kwa vipimo vya inchi: E 0.010 na 0.010, B 0.013 na 0.013, G 0.017 na 0.008, D 0.026 na 0.012, A 0.036 na 0.018, E nene 0.046 na 0.026. Angalia ule wa 0.008. Uzi huo mdogo wa G unapanda juu kuliko hata E nyembamba, ndio wenye sauti ya juu kuliko zote kwenye gitaa, na tunaamini ndio unaokukatikia. Ufunge wa mwisho, baada ya mingine 11 kuwa imekaa. Uupandishe polepole kutoka chini, usiuvute kwa mara moja. Ukikatika tena, tazama umekatikia wapi. Kama ni darajani, kuna ncha kali kwenye chuma unapoegemea uzi. Pitisha msasa laini mara mbili tatu. Kama ni karibu na kichwa cha gitaa, mfereji wake ni mwembamba na unaung'ata uzi. Usugue kwa grafaiti ya penseli, na usipopata nafuu mpe fundi aupanue. Dawa ya haraka ya Jumapili ni kushusha gitaa zima nusu sauti na kufunga kapo (kibano cha shingo ya gitaa) kwenye freti ya kwanza.

Tyuni haikai kwa sababu nyuzi 12 zinaivuta shingo kwa nguvu inayokaribia maradufu ya nyuzi 6. Ukikaza jozi ya mwisho, shingo inajikunja kidogo na jozi ya kwanza inashuka. Kwa hiyo usitegemee mzunguko mmoja. Tyuni nyuzi kuu sita kwanza, huku ukizuia zile ndogo kwa kidole. Halafu tyuni ndogo moja moja ukilinganisha na mkuu wake. Rudia yote toka mwanzo mara ya pili, na kama nyuzi ni mpya, mara ya tatu. Kisha pima shingo: bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na pale shingo inapokutana na mwili kwa mkono mwingine, uangalie nafasi iliyopo kwenye freti ya 7. Inapaswa kupita kadi nyembamba, takribani robo milimita. Ikiwa kubwa kuliko hapo, chuma cha ndani ya shingo kinahitaji kukazwa. Kaza robo mzunguko, acha gitaa likae, ndipo upime tena. Rickenbacker, aina aliyoitumia McGuinn, ina vyuma viwili ndani ya shingo, na anayekaza kimoja na kukisahau cha pili anaipinda shingo upande.

Sasa mlio. McGuinn alimwona George Harrison akiwa na Rickenbacker ya nyuzi 12 katika filamu ya Beatles ya mwaka 1964, naye akajitafutia ya kwake, modeli 360/12. Gitaa hizo zina jambo moja ambalo gitaa nyingi za nyuzi 12 hazina: mkono unaposhuka, uzi mkuu ndio unaoguswa kwanza na uzi wa oktava unafuata. Kwa watengenezaji wengine wengi ni kinyume chake. Ndiyo maana Rickenbacker inasikika nzito chini na inang'aa juu kwa wakati mmoja. Unaweza kugeuza mpangilio kwenye gitaa lako, ila mifereji ya nyuzi lazima ichongwe upya, na hiyo ni kazi ya fundi.

Gitaa peke yake halitoshi. Studioni sauti ya McGuinn haikupita kwenye spika na maikrofoni. Iliingia moja kwa moja kwenye mixer, na fundi mitambo Ray Gerhardt akaipitisha kwenye kompresa. Kompresa ni kifaa kinachokandamiza sauti pale inaporuka, ili ile inayofifia isikike kwa muda mrefu zaidi. Gitaa la nyuzi 12 la umeme kwa asili hulia kidogo na kuzimika. Kompresa ndiyo iliyoligeuza likawa na mlio mrefu kama wa kinanda. Kanisani fanya hivi: toa waya kwenye gitaa, uingize kwenye pedali ya kompresa, kisha kwenye boksi la DI (linaloiandaa sauti ya gitaa iingie kwenye mixer), kisha mixer. Weka uwiano wa 4 kwa 1, na uanze na pikapu (vinasa sauti vya gitaa) zote mbili. Ukiwa na kompresa mbili, zifuatanishe na kila moja ifanye kazi kidogo, maana moja iliyokazwa mno inapumua na unasikia sauti ikizama na kuibuka. Ule mlio wa makopo huja kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuongeza treble kabla ya kompresa, ikavuta kelele zote za kukwaruza. Iongeze baada yake. Ya pili ni kupiga kwa nguvu. Jozi zikipigwa kwa nguvu zinagongana zenyewe kwa zenyewe. Piga kwa upole, uiache kompresa ikubebee mzigo.

Mkono wa kulia wa McGuinn ni wa banjo. Alijifunza banjo ya nyuzi 5 katika Old Town School of Folk Music, Chicago, na akauhamishia ufundi huo kwenye gitaa: piki ya kawaida kati ya dole gumba na kidole cha shahada, na kucha za chuma kwenye kidole cha kati na cha pete. Hachani nyuzi zote kwa pamoja kama mpiga ridhimu, bali anazifuatanisha moja moja bila kukatiza. Kwa zoezi, shusha jozi ya E nene hadi D, shika kodi ya D, kisha zungusha piki, kidole cha kati, kidole cha pete, tena na tena, polepole mpaka noti zote zilingane. Kiitikio cha "Mr. Tambourine Man" kinaenda G, A, D, G, kisha D, G, A. Ukiweza kuzungusha vidole kwenye kodi hizo bila kuchelewa wakati wa kuhama, umefika mbali.

Sisi ni vijana watatu tunaimba sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu, lakini hatusikiki kama wao. Tunakosea wapi? (Msomaji, Kisumu)

Mnaimba sauti nyingi kuliko wao! Mara nyingi McGuinn na Clark waliimba sauti moja, ileile ya wimbo, na Crosby peke yake ndiye aliyepanda juu. Crosby naye hakufuata ngazi moja toka mwanzo hadi mwisho. Alihama kati ya hatua ya tatu, ya nne na ya tano juu ya wimbo, akichagua iliyofaa kila neno. Masikio yanadhani ni watu watatu wenye sauti tatu, kumbe ni mbili.

Jaribuni hivi. Wawili wenye sauti zisizofanana, mmoja mwembamba na mmoja mzito, waimbe wimbo wenyewe na wapumue pamoja. Wekeni alama za kupumua kwenye karatasi, maana wawili wakitofautiana hata nusu pigo, ukali unapotea. Wa tatu apande juu na awe chini kidogo kwa ukubwa wa sauti. Kosa la kawaida ni huyu wa juu kufurahia nafasi yake akawafunika wenzake.

Gene Clark ndiye aliyekuwa mtunzi mkubwa, kwa nini akaondoka mapema hivyo, 1966? Nimesoma ni hofu ya ndege. (Msomaji, Mombasa)

Hofu ya ndege ilikuwapo kweli. Mwanzoni mwa 1966 alipanda ndege Los Angeles pamoja na wenzake waende New York, hofu ikamzidi, akashuka kabla haijaruka. Lakini ukiishia hapo hutaielewa bendi hii. Kulikuwa na uchovu wa safari, na kulikuwa na pesa. Hii ya pesa inastahili hesabu, kwani kila bendi yenye mtunzi mmoja inaweza kuukuta mkasa huohuo, iwe ya Los Angeles au ya Likoni.

Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, kila wimbo uliochapwa kwenye santuri ulistahili mrabaha wa senti 2 kwa nakala. Kiwango hicho hakikubadilika tangu 1909 hadi miaka ya 1970. Sheria haikujali upande A au B. Chukua santuri iliyouza nakala 1,000,000: upande A unaleta dola 20,000, na upande B unaleta dola 20,000 vilevile, hata kama hakuna redio iliyougusa. Kwa desturi, nusu inakwenda kwa mchapishaji wa muziki na nusu kwa mtunzi. Sasa rudi kwenye santuri ya kwanza. Upande A ni wa Dylan, upande B ni wa Clark. Santuri ya pili, "All I Really Want to Do", upande A ni wa Dylan tena, na upande B, "I'll Feel a Whole Lot Better", ni wa Clark.

Wenzake wanne walitegemea fungu la waimbaji na wapigaji. Hilo linatoka kwenye kampuni ya santuri baada ya kampuni kurudisha kwanza ilichotanguliza, na kinachobaki kinagawanywa kwa watano. McGuinn alitoa ushahidi mbele ya Seneti ya Marekani mwezi Julai 2000 akaeleza kwamba kwa nyimbo zile zilizovuma alichokiona ni malipo ya awali, na yalipogawanywa kwa watano yalikuwa dola elfu chache kwa kila mmoja. Clark alikuwa akiendesha Ferrari. Watu watano wanalala hoteli moja, wanapanda jukwaa moja, na mmoja ana kipato cha peke yake. Manung'uniko yalianza, nyimbo zake zikaanza kubanwa nafasi kwenye albamu, na gitaa la ridhimu alilokuwa akipiga lilikuwa limekwishahamia kwa Crosby. Akabaki na tamburini mkononi.

Hiyo santuri ya pili, kwa njia, ina funzo jingine. Mwimbaji Cher alitoa toleo lake la wimbo huohuo wakati huohuo. Nchini Marekani yake ilifika namba 15, ya The Byrds ikaishia namba 40. Uingereza mambo yalikuwa kinyume: The Byrds namba 4, Cher namba 9.

Ni kweli "Eight Miles High" ilifungiwa redioni? (Msomaji, Dar es Salaam)

Haikufungiwa na serikali. Mwishoni mwa Aprili 1966 Gavin Report, jarida ambalo vituo vya redio vya Marekani vililitegemea kuchagua nyimbo, lilidai wimbo unasifia dawa za kulevya na likashauri usipigwe. Vituo vingi vikautoa. Uliishia namba 14. Jina la wimbo maana yake ni "maili nane juu", na bendi ilieleza kwamba maili 8 ni kimo cha ndege waliyopanda kwenda London Agosti 1965. Kwa kawaida ndege ya abiria hairuki juu kiasi hicho, na wenyewe walikiri namba 8 ilichaguliwa kwa kuwa inaimbika vizuri. Baadaye Clark na Crosby walikubali kwamba dawa nazo zilikuwemo katika mawazo ya wimbo.

Kimuziki hii ndiyo kazi yao ya kijasiri kuliko zote. Wakiwa safarini mwishoni mwa 1965 walikuwa na kanda moja tu ya kusikiliza garini: upande mmoja John Coltrane, mpiga saksafoni wa jazi, upande wa pili Ravi Shankar, mpiga sitar wa India. Zile noti nne zinazofungua solo ya McGuinn zimetoka kwenye "India" ya Coltrane, na kompresa ndiyo inayolifanya gitaa lishikilie noti kama saksafoni. Wimbo ulirekodiwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Desemba 1965 katika studio ya RCA, lakini Columbia ikaukataa kwa kuwa haukurekodiwa katika studio zake. Ukarudiwa Januari 1966. Toleo la RCA lilitoka 1987, na ukiyaweka mawili pamoja utasikia la kwanza lina pumzi zaidi.

The Byrds walikuwa na uhusiano wowote na Afrika? (Msomaji, Lubumbashi)

Ndiyo, mzuri na mbaya.

Ule mzuri ni Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini. Tarumbeta unayoisikia kwenye "So You Want to Be a Rock 'n' Roll Star", santuri ya Januari 1967, ni yake, na ilikuwa mara ya kwanza The Byrds kuweka ala ya shaba kwenye rekodi. Kelele za mashabiki zilizopachikwa katikati zilinaswa kwenye onyesho lao la Bournemouth, Uingereza, Agosti 1965. Ila deni kubwa zaidi ni la Hillman. Mwaka 1966 aliitwa kupiga besi kwenye kikao cha mwimbaji wa Afrika Kusini Letta Mbulu, akiwa na Masekela na wanamuziki wenzao. Amesema kupiga na watu wale kulimfungua, akarudi nyumbani akaanza kutunga. Aliyekuwa kimya pembeni kwa albamu tatu ana nyimbo nne alizozitunga peke yake kwenye albamu ya nne, *Younger Than Yesterday*. Msikilize besi yake kwenye "Have You Seen Her Face" uone alivyobadilika.

Ule mbaya ni ziara ya Afrika Kusini, Julai 1968, wakati wa ubaguzi wa rangi. Wakati huohuo vyama vya ukombozi vya nchi hiyo vilikuwa na ofisi zao Dar es Salaam. Bendi iliahidiwa kumbi zenye watu wa rangi zote. Walipofika, wakakuta kumbi za wazungu. Magazeti ya huko yaliwashambulia kwa waliyoyasema kuhusu utawala, maonyesho yakawa mabovu, na waliporudi walilaumiwa kwa kwenda. Lawama hiyo tunaiona ya haki: ahadi ya mwandaaji wa maonyesho haikuweza kubadilisha sheria ya nchi, na jambo hilo lilijulikana kabla ya kupanda ndege. Gram Parsons, aliyejiunga mwanzoni mwa 1968 na kuwasukuma kurekodi *Sweetheart of the Rodeo* huko Nashville, alijitoa London saa za mwisho akisema hapigi muziki kwa ubaguzi. Hillman kwa miaka mingi hakuiamini sababu hiyo; aliona Parsons alitaka tu kubaki karibu na Rolling Stones. Nafasi ya Parsons ilizibwa na mbeba vyombo wa bendi, Carlos Bernal. Kabla mwaka haujaisha Hillman naye aliondoka, na kwa kuwa Crosby alifukuzwa Oktoba 1967 na Clarke akafuata punde, katika wale watano akabaki McGuinn peke yake. Aliiendesha bendi kwa watu wapya hadi 1973. Aliyeng'ara kati yao ni Clarence White, aliyebuni pamoja na Gene Parsons kifaa kinachopandisha uzi wa B sauti nzima pale mpigaji anapolishusha gitaa kwa bega. Msifananishe Gene Parsons na Gram Parsons, nao si ndugu.

Nimepata santuri mbili za The Byrds mnadani, moja imeandikwa Columbia, nyingine CBS. Ipi ni halisi? (Msomaji, Unguja)

Zote. Katika nchi nyingi nje ya Amerika Kaskazini jina Columbia lilikuwa mali ya kampuni nyingine, EMI, hivyo kampuni ileile ilitumia jina CBS. Zinazopatikana huku kwetu nyingi ni CBS.

Kwa ile ya Marekani, tazama namba. CL ni mono (sauti ya njia moja), CS ni stereo (njia mbili), na ya stereo huwa kubwa kwa 6,800 kamili. *Mr. Tambourine Man* ni CL 2372 na CS 9172, *Turn! Turn! Turn!* ni CL 2454 na CS 9254. *Fifth Dimension* ni CL 2549 na CS 9349. Jalada na santuri vikiwa na namba zisizooana kwa hesabu hiyo, mtu amechanganya viwili. Kwa albamu mbili za kwanza chukua mono ukipata. Nyimbo hizo zilichanganywa zisikike kwenye redio yenye spika moja, na gitaa na sauti zimeshikana vizuri zaidi.

Ukiwa na kichwa cha zamani cha mono (kile kinachoshika sindano), usikitumie kwa santuri ya stereo. Sindano yake haikuundwa kucheza juu na chini, itachimba ukuta wa mfereji, na uharibifu huo hautengenezeki. Kichwa cha stereo kikicheza mono hakuna shida. Kama mashine ina kitufe cha mono kibonyeze, mikwaruzo mingi itapungua. Kabla ya kuicheza, ioshe kwa maji yaliyosafishwa kama yale ya kuongezea betri, yasiyo na asidi, na tone moja la sabuni ya vyombo. Pangusa kwa kitambaa laini ukizunguka kufuata mifereji, suuza, kisha isimamishe ikauke kivulini. Lebo ya katikati ifunike kwa mfuniko wa plastiki wakati wa kuosha, maana karatasi yake ikilowa hubanduka.